Kuzaa Si Kosa la Kazini

Tangu lini kuzaa kumekuwa kosa la kazini?

Twauliza hivyo kwa sababu katika nchi yetu ya dhahabu, kutoka Kakola mpaka Katoro, kutoka Mwakitolyo mpaka Nyarugusu, maneno ni yale yale. Binti amepika katika kambi ya mkandarasi, au amefagia ofisi, au ameendesha gari kubwa la mawe sawasawa na mwanamume ye yote. Siku tumbo linapoanza kuonekana, mnyapara humwita pembeni akamwambia kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike. Ukishalea uje tutazame kama nafasi ipo." Naye binti hushukuru! Hupokea malipo ya siku alizofanya, hufunga mzigo wake, hupanda basi kwenda kwa mama yake, na njiani huwasifu wakubwa wake kwa wema wao. Hajui kwamba pale pale, kwa maneno yale matamu, amenyang'anywa mshahara wa siku 84.

Twasema amenyang'anywa, wala hatutafuti neno laini zaidi. Mtu akichukua kilicho chako wakati wewe hujui kuwa ni chako, bado amechukua.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni maneno ya jukwaani tu. Ni sheria ya nchi. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, na katika sheria hiyo mambo ya mzazi yameandikwa wazi. Mwanamke mwenye ajira akijifungua anastahili likizo ya siku 84 huku analipwa mshahara. Akijifungua mapacha, au zaidi ya mapacha, ni siku 100. Anaweza kuanza likizo yake wiki nne kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua, au mapema zaidi ikiwa daktari ameona inafaa kwa ajili ya afya yake au ya mtoto. Akiisha kujifungua haruhusiwi kurudishwa kazini kabla ya wiki sita, ila kama daktari amethibitisha kwamba anaweza. Likizo ikiisha anarudi kazini kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Sheria haisemi "aje tutazame kama nafasi ipo." Nafasi ni yake.

Na ikitokea msiba, Mungu apishe mbali, mtoto akafa kabla ya kutimiza mwaka, mama huyo anastahili siku nyingine 84 za malipo akipata mimba na kujifungua tena katika mzunguko ule ule wa likizo. Tena mwaka 2025 Bunge liliirekebisha sheria kwa ajili ya mama aliyejifungua mtoto njiti: likizo yake huongezwa muda uliobaki kutimiza wiki 40 za mimba. Mama aliyekuwa akikaa hospitalini na mtoto wa kilo moja na nusu huku siku zake zikiteketea, leo anazo siku hizo. Walioipigania haki hiyo wastahili shukrani, maana wapo waliosema haiwezekani.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Sheria ina mipaka yake. Mwajiri halazimiki kulipa zaidi ya likizo nne za uzazi kwa mfanyakazi mmoja. Na mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita ya kazi hana haki ya likizo hizi za malipo. Hapo kwenye miezi sita ndipo shetani alipojenga nyumba yake, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Wazee wetu wanaikumbuka habari ya kipande. Katika mashamba ya mkonge mkoloni alimpa mtu kadi, akahesabiwa siku zake, na siku zikiisha hana deni kwa bwana wala bwana hana deni kwake. Mtu alifanya kazi miaka kumi, lakini kwa hesabu ya bwana kila kipande kilikuwa mwanzo mpya. Haya, kipande kilikufa. Lakini twaona mzimu wake unatembea katika kambi za makandarasi. Sasa unaitwa mkataba wa miezi mitano. Binti anaandikwa Januari, anaachishwa mwisho wa Mei. Juni anakaa nyumbani akisubiri kupigiwa simu. Julai anaandikwa tena, kazi ile ile, meza ile ile, mnyapara yule yule, mpaka Novemba. Mwaka unafuata na ngoma inapigwa vile vile. Mwulize mwenye kampuni kwa nini miezi mitano na siyo saba. Atakuambia habari ya bajeti. La, bwana! Sababu ni kwamba mitano ni pungufu ya sita.

Lakini waliotunga sheria hawakuwa watoto. Waliandika kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yule yule, ikiwa vipindi vyake kwa jumla vinapita miezi sita katika mwaka huo, anastahili likizo kama wenzake. Januari hadi Mei ni miezi mitano. Julai hadi Novemba ni mitano. Jumla miezi kumi, na kumi ni zaidi ya sita hata kwa hesabu ya vidole. Hata mfanyakazi wa msimu sheria imemtaja na kumpa haki ya likizo. Basi binti mwenye mikataba miwili kabatini asiseme "mimi ni kibarua tu." Azitoe karatasi zake ajumlishe.

Iko njia moja ambayo wajanja wamebaki nayo. Sheria inasema mwajiri yule yule. Leo kandarasi ya chakula ni ya kampuni hii, mwakani ni ya kampuni nyingine, na wapishi ni wale wale, masufuria ni yale yale. Hapo mfanyakazi anaweza kujikuta anaanza kuhesabiwa upya kila kandarasi inapobadilika mikono. Sisi twasema pengo hilo lizibwe. Mwenye kurithi kandarasi na wapishi wake arithi pia miaka yao ya kazi. Wabunge wa Shinyanga na Geita wanazijua kambi hizi, maana huzipitia wakati wa kuomba kura. Na walichukue jambo hili Dodoma.

Tumesema makandarasi, lakini tusiwe watu wa kuona kibanzi katika jicho la mgeni na kuacha boriti iliyo katika jicho letu. Nani mwenye duara? Ni ndugu yetu. Nani mwenye karasha? Ni jirani yetu, pengine ni mwanachama mwenzetu, na pengine kesho atatuletea mchango wa mkutano. Nendeni Rwamgasa, nendeni Nyarugusu, mkatazame akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo juani, mtoto mgongoni, mwingine tumboni. Nendeni kwenye mialo mkawaone wanaoosha dhahabu. Wanalipwa kwa ndoo au kwa kiroba, na wakiulizwa mwajiri wao ni nani hucheka, kana kwamba umewauliza habari za mwezini. "Sisi hatujaajiriwa," husema. "Sisi tunajitafutia."

Hapana mama, sikiliza. Iko sheria nyingine ya mwaka ule ule, Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa ni mwajiriwa, hata kama hakuna karatasi, ikiwa hata moja tu katika alama zilizotajwa lipo. Je, yuko anayekupangia namna ya kuifanya kazi? Je, yuko anayekupangia saa za kuingia na kutoka? Nyundo na karai ni vyako au ni vyake? Unamfanyia yeye peke yake? Unategemea fedha yake kwa kula? Kwa miezi mitatu iliyopita umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kila mwezi? Saa 45 kwa mwezi, ndugu, si nyingi: ni chini ya saa mbili kwa siku! Mwanamke wa mwaloni hufikisha saa hizo wiki haijaisha. Akiwa na alama moja tu ya hizo, sheria inamchukua kuwa mfanyakazi wa yule bwana, na ni juu ya bwana kuthibitisha kwamba sivyo. Mzigo wa ushahidi hauko kwa mama mwenye nyundo.

Mwenye duara atasema: "Mimi mwenyewe maskini, nachimba miezi mitatu sipati kitu, nitalipaje mwanamke aliye nyumbani?" Twamjibu kwamba dhiki yake twaijua, na hatumlinganishi na kampuni kubwa. Lakini siku mfuko wa mawe unapotoka na dhahabu, hatumsikii akisema yeye ni maskini, hununua pikipiki. Kama kazi ya mama yule imo katika faida, basi uzazi wake umo katika gharama, kama mafuta ya karasha yalivyomo. Hakuna mwenye karasha anayemwambia mwenye dizeli "nitakulipa nikipenda."

Na iko habari ya zebaki, ambayo ni habari ya uhai. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu huingia mwilini kwa ngozi na kwa moshi inapochomwa. Hupita kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto aliye tumboni na kudhuru ubongo wake kabla hajazaliwa. Na kwa maziwa humfuata hata baada ya kuzaliwa. Sheria ya 2004 imekataza mwajiri kumtaka, au hata kumruhusu, mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha kufanya kazi iliyo hatari kwa afya yake au ya mtoto. Tazama neno hilo: hata kumruhusu. Bwana hawezi kujitetea kwamba "alitaka mwenyewe." Mwanamke mwenye mimba ambaye amekuwa akichoma dhahabu kwenye jiko la mkaa lazima apewe kazi nyingine. Kadhalika na zamu za usiku: mjamzito asipangwe usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada yake, na daktari akiandika kwamba muda uongezwe, uongezwe.

Tuje kwenye kunyonyesha. Sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kila siku katika saa za kazi. Jambo zuri sana. Lakini mtoto yuko wapi? Mama amepanda basi la wafanyakazi alfajiri, mtoto amebaki Katoro na dada wa miaka kumi na miwili, ambaye naye alipaswa kuwa shuleni. Saa mbili hizo mama atazitumia kumnyonyesha nani? Atakaa msalani akikamua maziwa na kuyamwaga. Ndiyo maana tunasema haki ya kunyonyesha bila mahali pa mtoto ni haki ya nusu. Vyama vya wafanyakazi wa migodini, NUMET na TAMICO, vinapokaa mezani kuandika mkataba wa hali bora, chumba cha watoto kiwe ndani ya mkataba huo. Sheria ni sakafu. Hakuna aliyekataza kujenga kuta juu yake.

Sasa tugeuke kwa wanaume, maana twasikia wengine wanatikisa vichwa na kusema hii ni makala ya wake zao. Ndugu, sheria hiyo hiyo inakupa wewe baba angalau siku tatu za likizo ya malipo mtoto wako anapozaliwa, ikiwa utazichukua ndani ya siku saba tangu kuzaliwa. Ni wangapi kati yenu wamewahi kuzidai? Wengi huona haya. Huwaambia wenzao "mimi ndiye nimezaa?" wakacheka pamoja, na kesho yake wakashuka shimoni. Haya hiyo ni mali ya mwajiri. Yeye ndiye anayefaidi. Tena siku tatu zenyewe ni kichekesho. Mtu anafanya kazi Geita na mke yuko Kishapu au Meatu. Siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, siku moja ya kumshika mtoto. Nchini Kenya sheria ya kazi ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili. Je, watoto wa Kenya ni wazito kuliko wetu hata wahitaji baba wa kuwabeba kwa wiki mbili?

Kuna hoja moja ambayo inastahili jibu la kweli, maana si ya wajinga. Inasemwa hivi: mkizidi kudai, kampuni zitaacha kuajiri wanawake. Kwanza, jambo hilo ni haramu kisheria. Ubaguzi kwa sababu ya mimba umekatazwa na sheria, tangu mlango wa kuomba kazi. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba yake si halali. Lakini sisi si watoto; twajua kwamba bwana anaweza kumkataa binti bila kutaja sababu. Dawa yake ni kwamba gharama ya uzazi isiwe mzigo wa mwajiri mmoja mmoja, bali ibebwe na mfuko ambao wote wanauchangia, wanaume kwa wanawake, wenye kuzaa na wasiozaa.

Na mfuko huo unao mwanzo. NSSF ina fao la uzazi. Mwanachama aliyechangiwa kwa miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo 12 iwe katika miaka mitatu iliyotangulia kujifungua, hulipwa kwa wiki 12 kwa wastani wa mapato yake. Mdai asikae na madai yake kabatini. Ayapeleke ndani ya siku 90 tangu kujifungua. Ni wanawake wangapi wa migodini wanaolijua fao hili? Kila mwezi mshahara unakatwa, na asilimia 20 inatakiwa kwenda kwenye mfuko, mwajiri asimkate mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Je, inafika? Huyu anayekatwa ahakikishe kwa kuangalia taarifa yake, maana mkato unaoishia mfukoni mwa bwana hautamnunulia mtu uji. Wala mwajiri asipate kisingizio cha kusema "nenda NSSF, kwangu usidai." Likizo ya malipo ni wajibu wake kwa sheria ya 2004, fao liwepo lisiwepo.

Wenzetu wa Rwanda walitunga sheria mwaka 2016 ya kuanzisha mfuko wa likizo ya uzazi: mwajiri anachangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi 0.3, na mfuko unabeba sehemu ya malipo ya mzazi. Ni senti! Lakini ni senti za watu wote, na kwa hiyo hakuna bwana anayetazama tumbo la mwanamke kama hasara yake binafsi. Nchi ndogo isiyo na dhahabu kama yetu imeweza. Sisi tulio na Geita na Bulyanhulu tunashindwa na nini?

Na kwa wale wanaosema siku 84 ni anasa iliyoletwa na mambo ya kisasa, tuwakumbushe tarehe moja. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kumlinda mzazi kazini ulipitishwa mwaka 1919, nao ulisema wiki 12. Wiki 12 ni siku 84. Mwaka 2000, Shirika la Kazi Duniani likapandisha hadi wiki 14. Kwa hiyo anayebishana nasi juu ya siku 84 hajafika hata mwaka 1920, na sisi tunamngoja huku mbele.

Basi nini kifanyike wiki hii? Mwanamke mwenye mimba aandike barua kwa mwajiri wake angalau miezi mitatu kabla ya siku anayotazamia kujifungua, na aiambatanishe na cheti cha daktari. Asiseme kwa mdomo. Maneno ya mdomo mnyapara huyasahau jioni ile ile. Akiachishwa kazi kwa sababu ya mimba, asikae nyumbani akilia mpaka mtoto atambae: siku za kupeleka shauri la kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30, na mashauri mengine ya kazi ni siku 60. Mwalimu au katibu wa tawi asiyeona haya kushika kalamu amsaidie asiyejua kuandika. Matawi ya Katoro, Kakola, Nyarugusu na Mwakitolyo tunayaomba yatenge jioni moja kwa kazi hiyo tu, waje wapishi, waje waponda mawe, waje na mikataba yao na hati zao za mshahara kama wanazo. Barua iandikwe nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo yenye muhuri ibaki kwa mama mwenyewe, si kwa mnyapara.